Doa Jeusi Katika Jicho la Vunjajungu

Jumatatu, 9 Juni
Saa moja asubuhi. Ukungu. Vunjajungu yupo kwenye jani lilelile la sale, mmea tunaopanda kuonyesha mpaka, kati yangu na shemeji, mjane wa mdogo wangu. Siku ya sita sasa. Baridi humgandisha, ndiyo maana napiga mapema, lenzi ikiwa kiganja kimoja tu kutoka usoni pake. Picha ishirini, mbili safi.

Jicho lake lina doa jeusi. Si mboni. Jicho ni maelfu ya vijicho, na vile vinavyoelekea lenzi moja kwa moja humeza mwanga, vikaonekana vyeusi. Kwa hiyo doa humfuata anayetazama, popote asimamapo. Nimefundisha hivyo maisha yangu yote.

Jumanne, 10 Juni
Nimekuza picha kwenye kompyuta. Doa haliniangalii. Macho yote mawili, doa liko kushoto. Haiwezekani. Nikafuta lenzi, nikapiga kutoka upande wa pili wa jani. Bado linatazama palepale: ndani ya migomba yangu.

Shemeji amepita. Wapimaji wa ardhi wanakuja Ijumaa kuweka bikoni, zile nguzo fupi za saruji za mpaka. Anataka mimi, mkubwa wa ukoo, niwaonyeshe mpaka.

Jumatano, 11 Juni
Nimemhamishia kwenye mbuni mmoja wa kahawa, mbali. Akageuza kichwa. Doa palepale.

Naogopa.

Najua kuna nini pale. Mdogo wangu alipokuwa amelazwa, niling'oa pale masale ya mpaka wa kweli, nikayapanda hatua nane ndani ya shamba lake. Kwetu mtu hang'oi sale. Yalishika upesi, kama yaliyoota hapo. Aliporudi hakuuliza. Amekufa bila kuuliza.

Bikoni ikishawekwa, uongo wangu utakuwa wa saruji.

Alhamisi, 12 Juni
Sikupiga picha. Nilikata jani la sale, nikalifunga fundo, nikalipeleka kwa shemeji kwa mikono miwili. Anayeletewa sale hukubali kusamehe. Ndiyo maana halipelekwi ovyo.

Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinuka. Nikaeleza kila kitu, kwa kirefu, kama darasani. Akaniacha nimalize.

"Mwalimu, mume wangu alizipima hizo hatua kabla hajafa. Akasema nisikuulize, utaletwa."

Sikuthubutu kuuliza nitaletwa na nani.

Akapokea jani. "Umechelewa, shemeji. Lakini ndizi bado hazijaiva. Kaa."

Nikakaa.

Ijumaa, 13 Juni
Nimewaonyesha wapimaji mpaka wa zamani. Walinitazama, wakatazama masale, wakaanza kuchimba. Bikoni zimekaa.

Jumamosi, 14 Juni
Ukungu. Kwenye mbuni hayupo. Kwenye sale hayupo. Nimemkuta juu ya bikoni, kwenye saruji ambayo haijakauka vizuri.

Picha moja tu. Doa linaniangalia mimi, kama linavyopaswa.

Sikupiga ya pili.