Shangazi Alipomtuza Kijana wa Rapu

Kilifi, Jumapili

Mdogo wangu Swafiya,

Natumai mu wazima. Sisi huku joto latumaliza. Nasikia wamlilia Baba akupe ruhusa ya kwenda kumuona yule kijana wa rapu akija Malindi. Sisi tulimuona jana alasiri, hoteli moja ya Bofa, basi nikwambie utakayoyakuta.

Utamngoja juani mpaka uchoke. Atatokea na koti la ngozi, jasho lamtiririka, wala hatasalimu mtu. Ataruka, atabingirika chini, na maneno yatamtoka mbio kama mnadi samaki anayechelea wataoza.

Shangazi Rukia wamjua, hawezi kusikia mtu akiimba asimtuze. Akapanda jukwaani kama afanyavyo kwenye taarabu, akamtia noti ya shilingi kumi mkononi. Kijana akashusha maikrofoni akasema, "Asante sana, mama." Na sauti yake ikaendelea kuimba vile vile, haikukosa hata neno, yatoka kwenye kaseti iliyokuwa ikizunguka ndani ya redio pembeni.

Shangazi akamtazama, akaitazama redio. Akaichukua noti yake, akaenda akaiweka juu ya redio. "Aliyeimba ni huyu," akasema, akashuka taratibu.

Basi muache Baba apumzike, mpenzi. Mama mpe shikamoo yangu, Mungu awahifadhi. Na redio yetu uipanguse vumbi; miaka yote hii yatuimbia, na hatujaituza hata siku moja.

Dadako,
Maimuna