Sentensi ya Mama Ambayo Sikuitafsiri

Jumatano, 5 Machi

Nimepanga salamu za Jumapili kama kawaida: Mchungaji, wazee wa kanisa, mashemasi, kina mama, vijana, mwisho wageni. Kumsahau mmoja ni kumtukana. Miaka mingi mimi ndiye mkalimani wa kanisa letu hapa mtaani Kampemba. Kinachosemwa kwa Kifaransa au Chiluba nakitoa kwa Kiswahili, tena kwa nafsi ya kwanza. Mchungaji akisema "ninaamini", nami nasema "ninaamini".

Siamini. Hakuna msiba ulionifikisha hapa. Nilisoma, nikafikiri, Mungu akapungua hadi akaisha. Afadhali kungekuwa na ugomvi.

Mama hajui.

Jumapili, 9 Machi

Mama ametoa ushuhuda. Alipasuliwa mtoto wa jicho, anaona tena. Kiswahili anakijua, lakini ni mtu wa Kasai, na ushuhuda huutoa kwa Chiluba, lugha ya huko. Nikawa kinywa chake. "Nilikuwa gizani." Nikatafsiri. "Madaktari walinishika mkono." Nikatafsiri. Kisha akasema haogopi tena kufa, kwa sababu mwanawe anaamini, na watakutana mbinguni.

Nilifungua kinywa. Hiyo sikuitafsiri. Nikasema, "Bwana asifiwe," nikaketi.

Upumbavu. Nusu ya kanisa ni watu wa Kasai. Walikuwa wamekwisha kusikia. Wote waliniangalia. Isipokuwa Mama.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekula kwa Mama. Bukari, ugali wetu, kwa matembele na samaki wa kukaushwa. Ananiita Papa, kwa kuwa nina jina la baba yake.

"Papa, ile neno ya mwisho haukuisema. Juu ya nini?"

Kwa hiyo "kwa nini" yake nilikuwa nimetayarisha uongo. Uchovu, joto.

"Siamini tena, Mama."

Aliuliza tangu lini. Aliuliza kama ni vitabu, kama ni mwanamke, kama ni yeye mwenyewe aliyekosea kunilea. La mwisho nililikataa kwa nguvu mno, akadhani nathibitisha. Kisha akauliza, bila kulia:

"Basi kule juu nitakungojea bure?"

Siku zote mimi ndiye ninayebariki chakula mezani pake. Leo alikibariki mwenyewe, kwa sauti ndogo, kikiwa kimekwisha kupoa.

Ijumaa, 14 Machi

Mchungaji amenitembelea. Mtu mpole, mwenye utani; huniita Prof kwa kuwa ni mwalimu. Hakunihubiria. Aliungama kwamba mahubiri yake hupendeza zaidi yakipita kwenye Kiswahili changu, akaniomba niendelee, kwa ajili ya Mama. Umeme ulikuwa umekatika. Akaielekezea taa kidole.

"Interprète iko waya ya courant, Prof. Nani anauliza waya kama inaamini?"

Mimi, waya wa umeme! Nilicheka. Baada ya kumsindikiza niliona haya, maana nilitamani kukubali. Ningemrudishia Mama Jumapili zake. Lakini sasa anajua. Kila "ninaamini" yangu ingemchoma yeye kwanza.

Jumapili, 16 Machi

Nilisimama kabla ya mahubiri. Ninaandika hapa niliyoyasema, yasije yakabadilika kichwani mwangu.

"Mchungaji, wazee wetu, mashemasi, mama zetu, vijana, nanyi wageni. Mlinipa kazi ya heshima, nami nairudisha. Siamini tena ninayoyasema mahali hapa. Msimlaumu Mama, alinifundisha vizuri. Naliomba kanisa lichague mkalimani mwingine leo hii, kabla Mchungaji hajaanza."

Wa kwanza kusimama alikuwa Mama. Alimpendekeza Nadine, anayewafundisha watoto. Alisema polepole, kwa Kiswahili, akaketi, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa.

Mchungaji akaomba wanaokubali wainue mikono. Nami niliinua wangu.