Faiawoli Niliyoichagua Kama Fahali

Kyuso, Jumatatu

Kwa Syombua, mwaitu, yaani mama, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Mimi baba yako nina miaka themanini na moja. Nimepita njaa mbili kubwa, machifu sita, na yule daktari aliyesema sitafika Krismasi. Kwa hivyo usifikiri kompyuta ndogo kama Biblia inaweza kunishinda. Wewe na watoto hamjambo huko Makindu? Sisi tuko, mguu wa mama yako unaendelea pole pole, na pojo zimetoa maua.

Naandika kwa mkono kwa sababu hushiki simu yangu, Jumapili mbili sasa. Munyao, mzee wa kanisa, ameniambia unasema nimekufungia nje kwa sababu ya yale maneno yetu juu ya mama yako kuhamia kwako. Hapo kichwa changu kikachanganyika kabisa.

Unakumbuka ile kamera uliyoweka sebuleni ili umwone mama yako kila asubuhi ilianza kugeuka yenyewe, kama kuna mtu hatumjui anatuangalia. Ukatuma kompyuta ya kulinda, hiyo faiawoli, ukasema fundi Deeq wa duka la kompyuta achague mfumo wa kuiendesha. Nikakataa. Mlinzi wa boma langu namchagua mimi.

Deeq akaleta mifumo miwili. Alieleza mpaka chai ikapoa, sikushika kitu, lakini nilitikisa kichwa kama aliyeelewa. Ndipo nikauliza vile huwa nauliza sokoni nikinunua fahali: nani anautunza, chanjo unapata, na mgeni akija unafanya nini. Wa kwanza ulikuwa na sura nzuri, rangi nyingi, lakini walioutengeneza waliacha kuutunza miaka minne iliyopita. Nikasema huo ni wa kuuzwa haraka. Wa pili hauna picha hata moja, ni maandishi tu, lakini chanjo, yale marekebisho ya kuulinda, unapata mpaka leo, na unafungia kila mtu mpaka mwenye boma aseme fulani aingie. Deeq akasema hajawahi kuona mteja kama mimi. Hakusema kama ni kwa uzuri.

Kisha akauliza ni nani wa nje aruhusiwe kuona kamera kwa simu yake. Nikamtajia pasta, chifu, Munyao, na Kitheka daktari wa mifugo. Akauliza kama ni hao tu. Nikamwambia ni hao tu, aandike aende.

Jana baada ya kanisa mama yako alikaa mbele ya kamera na kitambaa kipya kichwani, akisema Syombua atakiona. Nikakumbuka maneno ya Munyao, nikamwita Deeq, akafungua ile orodha akasoma majina. Mama yako akauliza, "Na mtoto wangu yuko wapi hapo?"

Hukuwa hapo, mwaitu. Na si kwa hasira. Niliulizwa watu wa nje, na wewe sikukuhesabu. Mtoto wa nyumba hatajwi pamoja na wageni. Mimi huwa sikosei, lakini hapo nilikosea, na mpaka sasa sielewi kwa nini mashine haikujua hivyo yenyewe.

Deeq ameandika jina lako, juu ya jina la pasta. Ukipata barua hii, asubuhi yake fungua simu uangalie. Mama yako atakuwa amekaa. Mimi nitakuwa nyuma yake, nikijifanya natafuta kofia.

Salimia watoto na mume wako. Ukiwa na shaka, muulize Deeq, muulize Munyao, na zaidi mama yako Kalekye, aliyenicheka mpaka mguu ukamuuma.

Ni mimi baba yako,
Kiilu