Mluzi wa Breki za Kaka Bahati

Jumapili, 13 Juni 1999, Cato Manor. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Ukungu ulifunika bonde, nguo za jana hazijakauka.

Kaka Bahati,

Tangu tukuzike sikuigusa kompyuta yako. Leo niliacha kwenda kanisani, nikaketi mbele yake na ile disketi yenye sauti ulizorekodi ndani ya lori lako, kule Clairwood, ili uzitie katika mchezo wetu wa malori.

Nilifuata ulivyonifundisha. Mchezo ni wa Windows, nasi tuna Linux, basi kila faili inapelekwa kwa mkono. Nilitafuta folda ya mchezo ndani ya ile Windows ya uongo, programu ya kuiga Windows tuliyokuwa tukiicheka. Faili ya asili nikaipa jina jingine. "Usifute cha asili, dada, hujui kesho," ulikuwa ukisema. Kisha nikaiweka yako mahali pake. Mara ya kwanza mchezo ulikuwa bubu; nilisahau kuipa faili ruhusa ya kusomwa. Mara ya pili lori lilinguruma, nikakutambua kwa kikohozi chako.

Nikabonyeza breki. Mluzi mwembamba, pumzi ndefu, kimya. Na wewe nyuma yake, kwa utani wako wa kuliita lori bibi: "Sikia bibi anapiga mluzi tena. Bosi anasema iko sawa."

Mluzi huo niliusikia jana jioni hapa nje, mdogo wetu Amani alipoegesha lori. Hujui bado: bosi alilitoa lori lako kule bondeni ulikoanguka nalo, akalipaka rangi mpya, akampa yeye. Kesho atateremka nalo na mzigo, mteremko uleule.

Nilimwita asikilize. Akacheka. "Eish, dada, iko mchezo tu." Nikairudia. Akasema akikataa, kazi hana. Nikairudia tena. Akavuta kiti, akabonyeza breki mwenyewe.

Funguo nilizitoa mfukoni mwa koti lake. Mchana bosi alikuja kuliangalia lori, akapiga honi sana, sikutoka. Alipoondoka alisema kwa sauti ya upole kwamba kesho atakuja na funguo za akiba.

Aje. Nakuahidi, kaka, atanikuta nimesimama mbele ya tairi. Pumzika; huyu mdogo wetu sitakuletea.

Jana sikupata usingizi kwa ule mluzi. Sasa ni saa tisa mchana, nalala, funguo chini ya mto. Sebuleni Amani bado anabonyeza breki, tena na tena.

Dada yako,
Neema