Samaki wa Bwana na Kijiko Kilichopotea

Tabora, mvua zikianza

Mke wangu Mwavita,

Salamu nyingi zikufikie huko Ujiji, wewe na mama na mwanetu, na zikukute umepumzika na kile kikohozi. Mimi mzima. Katika barua yako unaniuliza ni nani anayenifulia mashati hata yakawa meupe vile kwenye picha. Ninafua mwenyewe, Mwavita. Kama ni kushuku, hata mimi mwezi huu wote nilikuwa na mtu wangu wa kumshuku.

Mzee Maganga unamjua kwa habari zangu: yeye anashughulika na vyumba vya bwana wetu Mzungu, mimi niko jikoni. Bwana ana sanduku kubwa la kioo barazani, limejaa maji, mawe na visamaki vya mistari, vile vya kwetu vinavyokaa kwenye miamba ya ziwa, ambavyo mtoto wa Ujiji akivivua huvirudisha. Alivileta kwa treni kutoka Kigoma. Havili, anavitazama tu. Mwanzoni nilidhani ni mambo ya uganga.

Alipoondoka kwenda pwani kwa kazi alituita wote wawili. Maganga alishe na asafishe, mimi mtu wa ziwa niangalie wasife. "Nikiwakuta wazima," akaniambia, "ile nyumba ya watumishi iliyo wazi ni yako, umlete mkeo." Basi sasa unajua kwa nini nilikosa usingizi.

Wiki zikapita. Maji yakawa kijani kama mlenda, kioo kikaota utelezi, samaki hata mmoja haonekani. Harufu ikafika jikoni. Nikimwambia Maganga, "Mzee, safisha," anajibu, "Nitasafisha, baba," na hasafishi. Nikaanza kumchunguza. Akitoka kwenye sanduku, mbio kunawa kwa sabuni. Chakula hali kwenye sufuria yangu, ana chungu chake. Wale dagaa unaonitumia, nikimgawia anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, kisha anaelekea nao mtaa wa Kanyenye na kurudi mikono mitupu. Nikasema, huyu anauza. Na anayeuza dagaa wakavu wa rafiki yake atawaacha wabichi wa bwana?

Kisha kijiko changu kirefu cha mchuzi kikapotea. Nilikikuta nyuma ya sanduku, kimefungwa kwenye fimbo. Damu ilinipanda, Mwavita. Nikajua sasa anavulia nini.

"Samaki wako wapi?" nikamuuliza.

"Wamo."

"Wamo tumboni mwako!"

Alitoka nje akatema mate, akaenda zake. Asubuhi yake hata "mwangaluka," salamu yake ya kila siku, alininyima. Nami nikazidi kuamini: mwenye hatia hana salamu.

Habari ikaja kwamba bwana yu njiani. Ikabidi niingie kazini mwenyewe, walau niokoe waliobaki. Haraka ilinituma nimwage yote nijaze mapya, lakini samaki wa ziwa letu nawajua, ukiwabadilishia maji yote ghafla wanakufa. Nilichota maji kisimani nikayaacha mtungini yatulie, mpaka nikitia mkono siyaoni tofauti na yale ya sandukuni. Samaki wenyewe sikuwatoa, maana kuwafukuza kwa wavu ni kuwatesa bure. Nikatumbukiza kipande cha mpira wa bustani, nikanyonya ncha ya pili ili maji yashukie ndooni (na nikameza, usicheke), nikawa navuta ile taka ya chini polepole bila kuivuruga. Nilipunguza kama robo tu. Kioo nikakifuta kwa kitambaa ambacho hakijawahi kuona sabuni, kisha nikamimina maji ya mtungini kwa kata, kidogo kidogo. Mawe sikuyasugua yote, kwani ule ukijani wake nao wanaula. Nikarudia hivyo siku zilizofuata.

Maji yalipoangaza, nikawaona. Wote, Mwavita! Na kando ya jiwe kubwa, kundi la vitoto vidogo kama punje za ulezi. Mtu niliyesema amewala, kumbe kwake wamezaana.

Maganga alikuwa amesimama mlangoni, kwa mbali.

"Kwetu samaki ni mwiko," akasema. "Ukoo wetu hatuwali, hatuwagusi, hata maji yao hatugusi. Nilikuwa nawatupia chakula kwa kijiko chako."

"Mbona hukumwambia bwana?"

"Mzungu ananiuliza kazi hii unaiweza, nimwambie siiwezi? Wangapi wanaitaka nafasi yangu?"

"Na dagaa wa mke wangu?"

"Kuna mama mjane pale Kanyenye, nampa yeye. Wewe ulinipa kwa moyo, baba. Ningekurudishiaje?"

Sisi wa Ujiji hatujui kama yuko mtu duniani asiyemtaka samaki. Niliona haya, na bado ninaona. Nimemwomba radhi, tumepatana: sanduku nitalisafisha mimi, yeye atanitekea maji. Kijiko nimemwachia.

Bwana amerudi. Aliinama mbele ya kioo akacheka peke yake, kisha akanipa ufunguo. Nyumba yetu imeshikana ukuta na ya Maganga. Basi njoo, uyakague mashati kwa macho yako.

Mama mpe shikamoo yangu. Nisalimie kaka yako fundi mitumbwi, na shangazi wa vitumbua, na hata yule jirani anayekutia maneno ya mashati.

Dagaa njoo nao wa kwetu sisi, tutawapikia upande wa pili wa nyumba. Mzee mletee mawese, anayapenda sana. Lakini yatie kwenye chupa safi, si lile debe lililowahi kukaa samaki. Atanusa, Mwavita. Na akinusa hatasema neno. Atayapokea kwa mikono miwili, atakushukuru, kisha ataelekea nayo Kanyenye.

Mumeo anayekungoja stesheni,
Sefu