Gari la Baba Halikufa

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Kwanza nijulie hali yako: kile kikohozi kimekuachia, au bado unakibembeleza kwa chai tupu? Wifi na wanangu hawajambo? Sisi huku tu wazima. Kidonda cha mguu wa Mama kinaelekea kupona, ila ukali wake haujapungua hata kidogo, na hatutegemei. Mimi ni mzima pia, isipokuwa kucha zangu zimejaa grisi isiyosikia sabuni. Wateja wangu wananiletea vitambaa vyeupe wakinitazama mikono kwa wasiwasi.

Sasa kaa chini. Najua ulimwambia Baba Mdogo kwenye simu alichukue gari la Baba, kwa kuwa limekufa na linajaza uwanja. Sikulaumu sana. Wewe uko mbali, yeye ndiye fundi wa magari, na mimi kwenu nyote ni mshona nguo tu. Nakulaumu kidogo, na hicho kidogo utakisikia kwa kinywa changu ukija.

Nisubiri nikusimulie lilivyougua gari lenyewe, maana hukuwepo. Baba alibadilisha plagi kwa mikono yake, hivyo hivyo na maradhi yake. Kesho yake alitupeleka Mama na mimi kliniki, gari linanguruma kama jipya, yeye anapiga mluzi njia nzima. Nilikuwemo, naapa. Jioni Baba Mdogo akapita, akafungua boneti, akasema anamsaidia kaka yake aliyechoka macho. Asubuhi gari likakohoa, likalipua moshi nyuma, likagoma.

Baba Mdogo akaitwa. Akainama, akatikisa kichwa, akasema Baba alikaza plagi vibaya, kipande kimekatikia ndani, injini imekufa. Baba alimwamini mdogo wake. Tangu siku ile alikuwa anakaa dirishani akimtazama Mama anavyochechemea kwenda kituo cha basi, na kila Mama akirudi anamwomba radhi. "Mikono yangu imekuponza, mke wangu." Aliondoka duniani na neno hilo mdomoni, Kaka. Ugonjwa ulimmaliza mwili, lakini hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Mwezi uliopita, Baba Mdogo alipotupa taarifa kuwa atakuja kulivuta, niliamua nilisafishe kwanza. Unajua Baba hakuwahi kulitoa gari uwanjani likiwa chafu, hata kwa safari ya kununua mkate. Nikafunua turubai, nikachukua matambara ya cherehani na mafuta ya taa, nikaanza kufuta injini kipande kwa kipande.

Unakumbuka ugomvi wa rangi ya kucha? Mama analalamika chupa zake zinaisha, Baba anajifanya hasikii. Alikuwa anatia nukta nyekundu kwenye kila waya wa plagi: moja, mbili, tatu, nne. Halafu anatia nukta zile zile kwenye kile kifuniko cheusi kinachogawa moto, kila tundu na hesabu yake, ili akifungua asichanganye. Fundi mwingine angemcheka. Baba Mdogo hakuziona hata kuzicheka, zilikuwa zimefunikwa na grisi.

Nilipofuta, zikatokea. Waya wa nukta mbili uko kwenye tundu la nne. Wa nne uko kwenye la kwanza. Hakuna hata mmoja uliokuwa nyumbani kwake. Nikatoa plagi zote nikazikagua juani, zima zote, hazina hata ufa. Injini haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa imefungwa mdomo tu.

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Nisikudanganye kwamba nililia. Nilishika spana kubwa ya Baba na nikasimama kwenda gereji kumtafuta Baba Mdogo, nikafika getini, nikarudi. Niliona nikimpiga, watu watamwonea huruma yeye. Hilo nisingelivumilia.

Basi nikanyamaza. Hata Mama sikumwambia mara moja, maana uso wake hauwezi kuficha kitu. Nikarudisha kila waya kwake. Betri nikampelekea jirani yetu mchomeleaji aichaji. Petroli ya zamani nikaimwaga, oili nikaibadilisha nimelala chali juu ya katoni, nusu ikaniingia masikioni. Mpira wa maji ulikuwa na ufa, nikanunua mwingine. Breki nilizifungua nikitukana, nikazifunga nikiomba dua. Nikasubiri mpaka mashine ya kusaga ya jirani ilipoanza kelele zake, ndipo nikawasha. Lilishika mara ya pili tu. Nikalizima haraka, nikalifunika turubai, nikarudi kushona sketi nikiimba.

Mama nilimweleza siku moja kabla Baba Mdogo hajaja. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: Baba angeweza kuwa amezichanganya mwenyewe? Nikamkumbusha safari ya kliniki na ule mluzi. Alikwenda kulala na nguo za kutokea.

Jana wakaja. Baba Mdogo na vijana wake wawili wa gereji, pikapu, na kamba mpya. Nilikuwa nimemwalika Shangazi, kwa kuwa ndiye mkubwa wao na ndiye pekee anayeweza kumwita Baba Mdogo "wewe mtoto" hadharani. Majirani walijileta wenyewe. Nikamwacha Baba Mdogo ajaze upepo matairi. Nikamwacha alale chini afunge kamba, shati lake safi likichafuka. Nilifaidi kila tone la jasho lililomtoka.

Alipomaliza nikamuuliza kwa adabu zote: "Samahani, Baba Mdogo, kweli limekufa?"

"Limekufa, mwanangu. Marehemu alilimaliza mwenyewe, Mungu amsamehe. Mimi nawaondoleeni uchafu tu."

Alimsema marehemu, Kaka, mbele ya mkewe. Kama nilikuwa na chembe ya huruma, iliishia hapo.

Nikaingia, nikawasha. Ungeona uso wake! Gari likanguruma uwanja mzima, vijana wake wakatazamana, Shangazi akashika kiuno. Nikashuka, nikafungua boneti, nikaonyesha nukta nikieleza kwa sauti ya kumfikia hata aliyesimama getini. Alijaribu kucheka. Akasema pengine ilikuwa bahati mbaya, mikono ya mtu huteleza. Shangazi akamuuliza mikono gani inateleza mara nne. Kumbe Baba Mdogo alilitamani gari tangu Baba alipolinunua, na Baba hakumpa hata siku moja aliendeshe, kwa kuwa huendesha kama anafukuzwa.

Nikafungua kamba. Nikamwambia, wewe ndiwe fundi, panda nami, utusikilizie kama lina kasoro. Mbele ya watu wote wale angekataaje? Akapanda nyuma, Mama mbele. Nililitengeneza gari lote, isipokuwa milango ya nyuma. Mmoja haufunguki kabisa, wa pili unafunguliwa kwa nje tu. Huo niliuacha makusudi.

Nilipita mbele ya gereji yake polepole, nikapiga honi. Wateja wake wakapunga mkono. Alidhani tunamshusha hapo, akashika kitasa, akahangaika nacho. Nikakanyaga mafuta. Tulipopita shule ndipo alipoelewa tunakokwenda, akaanza kuniita kwa jina langu la utotoni. Nikawasha redio.

Makaburini Mama alishuka mwenyewe, na mguu wake ule, akamfungulia mlango. Hakumshika, hakumtukana. Alitembea mbele mpaka kwa Baba, sisi tunamfuata, akasimama.

"Mwambie," akasema.

Baba Mdogo alitazama viatu vyake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kaka, haikuwa wewe, ilikuwa mimi.

"Sema tena," Mama akamwambia. "Siku zile alikuwa hasikii vizuri."

Akasema tena. Mama akamtaka aseme mara nyingine, na nyingine, mpaka mchimba kaburi aliyekuwa mbali akaacha kazi akatugeukia. Mwisho alikuwa anasema huku analia, na mimi nilitazama kila chozi. Watu wananiambia nimsamehe, damu ni damu. Sijamsamehe. Nikisamehe nitakuandikia, lakini usikae ukisubiri posta.

Mama aliporidhika alirudi garini, akafunga mkanda. Baba Mdogo akatufuata akifuta uso, akafikia mlango wa nyuma. Niliondoa gari. Ni mwendo mrefu kutoka makaburini mpaka mjini, na jua lilikuwa limeshapanda. Mama hakugeuka nyuma. Njiani aliweka mkono wake juu ya dashibodi, akaupitisha taratibu kama anafuta vumbi, akasema, "Umesikia sasa, baba watoto? Mikono yako ilikuwa mizima."

Basi, Kaka, akikupigia simu mwambie gari lina mwenyewe. Msalimie sana Wifi, wabusu wanangu, na yule mdogo mwambie shangazi yake atamfundisha kubadilisha oili. Shangazi anakusalimu na anataka kujua kwa nini hupigi simu. Baba Mdogo hajatuma salamu, na kama angetuma nisingezifikisha.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akuepushe na ndugu wanaopenda kufungua boneti za watu.

Wako akupendaye hata akiwa na hasira,
mdogo wako,
Kitindamimba.