Kikombe cha Shangazi

Saa kumi na dakika tano alasiri, kikombe kimehama. Nakuandikia humu humu ukumbini.

Unaikumbuka ile filamu ya mauaji ya runingani, ya bajeti ya kuungaunga, iliyomfukuzisha shangazi kazi? Yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kuangalia vitu visihame kati ya picha moja na nyingine. Kikombe cha marehemu kikaonekana mara kushoto, mara kulia.

Sasa wameitengeneza upya kwa ajili ya sinema, na kikombe kimehama tena. Safari hii makusudi. Mpelelezi amemnasa muuaji kwa kikombe hicho hicho, na ukumbi mzima umepiga makofi. Makofi, mwenzangu!

Shangazi, hapa kando yangu, hakupiga. Miaka ishirini na miwili hanywi chai mbele za watu.

Kisha yule mwongozaji wa zamani, aliyemfukuza, akapanda jukwaani. Akasema, “Kikombe kile nilikikusudia tangu mwanzo.”

Alikikusudia!

Shangazi akaomba maikrofoni, kwa adabu zake zote.

“Shikamoo, bosi. Na ile barua ya kunifukuza, nayo uliikusudia?”

Mzee ameketi. Maikrofoni bado anayo shangazi.